Kufuma Zawadi za Krismasi kwa Ajili ya Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ninaulizwa kila mwaka kuanzia mwezi wa Septemba, watu wanapoanza kununua nyuzi wakiwa na matumaini makubwa, hadi wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, wanapoanza kutafuta namna ya kuomba radhi. Majibu yanahusu ufumaji wa sindano mbili. Ninaposema kitanzi cha kawaida, nina maana ya kile ambacho uzi wake hukaa nyuma ya kazi na sindano huingia kutoka mbele. Ninaposema kitanzi cha kinyume, uzi hukaa mbele na sindano huingia kutoka nyuma. Atakayeelewa hivyo viwili ataelewa yote yanayofuata.

Nianze lini ili zawadi ziwe tayari kabla ya Krismasi?

Jibu halitokani na kalenda bali na mkono wako. Chukua saa, fuma mistari 10 ya vitanzi 20 kwa mwendo wako wa kawaida, yaani ule unaofuma huku ukizungumza na watu, kisha gawanya vitanzi hivyo 200 kwa dakika ulizotumia. Mfumaji mwenye uzoefu wa wastani hufikia vitanzi 20 kwa dakika bila kujilazimisha. Anayejifunza huenda akafikia 8 au 10 tu, na hilo si jambo la kuonea haya.

Sasa hesabu. Kofia ya mtu mzima yenye vitanzi 100 kwa mzunguko na mistari ipatayo 60 ni vitanzi 6,000, ambavyo kwa mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika ni saa 5. Skafu yenye upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja na nusu, iliyofumwa kwa vitanzi vya kawaida pande zote, ina vitanzi 40 kwa mstari na mistari 600 hivi, kwa hiyo ni vitanzi 24,000, sawa na saa 20. Soksi za mtu mzima kwa uzi mwembamba huhitaji muda unaokaribiana na huo. Sweta la mtu mzima, mikono ikihesabiwa, linakaribia vitanzi 48,000, ambavyo ni saa 40 kabla ya kushona vipande na kuficha ncha za nyuzi.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 24 Desemba kuna siku 85. Ukifuma saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, utapata saa 60 hivi, na kati ya hizo ninakushauri utenge 10 kwa ajili ya makosa, ugonjwa na wageni. Saa 50 zilizobaki zinatosha sweta moja na kofia mbili, au kofia kumi, au skafu mbili na kofia mbili. Hazitoshi kumfumia kila mtu katika ukoo wenye watu kumi na wanne, na ni afadhali ukubali hivyo mwezi wa Oktoba kuliko kugundua hivyo tarehe 20 Desemba saa sita za usiku. Chagua watu wachache. Wengine wapewe zawadi za dukani, na hakuna atakayedhurika.

Mimi ni mgeni katika ufumaji. Nianze na zawadi gani?

Karibu kila mtu atakuambia uanze na skafu kwa sababu ni rahisi. Ni kweli kwamba ni rahisi, lakini hesabu iliyo hapo juu inaonyesha kwamba skafu moja inachukua muda wa kofia nne, na mgeni wa kazi hii hachoshwi na ugumu bali huchoshwa na kurudia mstari uleule mara mia sita. Skafu nyingi zinazoanzwa mwezi wa Oktoba huishia kabatini zikiwa na urefu wa kumfunga mtoto wa mbwa.

Ninapendekeza kitambaa cha jikoni cha uzi wa pamba, kinachofumwa kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Anzisha vitanzi 4 na ufume mstari mmoja wa kawaida. Kuanzia hapo, katika kila mstari fuma vitanzi 2, zungusha uzi mara moja juu ya sindano ili kupata kitanzi kipya, kisha fuma hadi mwisho. Ukifikisha vitanzi 45, anza kupunguza: fuma kitanzi 1, fuma viwili kwa pamoja, zungusha uzi juu ya sindano, fuma viwili tena kwa pamoja, halafu malizia mstari. Endelea hivyo hadi vibaki vitanzi 4, kisha funga. Utapata mraba wa kama sentimita 18 hadi 20 kila upande, wenye matundu madogo yaliyojipanga kuzunguka ukingo kama pambo, na kazi yote haizidi vitanzi 2,100 hivi. Hata kwa vitanzi 10 kwa dakika, hiyo ni saa tatu na nusu. Vitambaa vitatu vya namna hiyo vilivyofungwa kwa utepe ni zawadi kamili, na utakapovimaliza utakuwa umejifunza kuanzisha, kuongeza, kupunguza na kufunga. Baada ya hapo nenda kwenye kofia.

Nichague uzi wa aina gani?

Kabla ya kuangalia rangi, jiulize ni nani atakayeifua zawadi hiyo na ataifua vipi. Swali hili linaamua mengi kuliko uzuri wa uzi wenyewe.

Sufu ya kondoo ina joto, inavutika na kurudi, na inaweza kunyonya unyevu wa hewa na jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila kumfanya mvaaji ahisi majimaji. Hata hivyo, kila unyoya wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni na msuguano vikikutana, magamba hayo hushikana na hayaachiani tena, na vazi hunywea na kuwa gumu kama zulia. Ninalifahamu hilo kwa uchungu: kofia ya sufu ya kijivu niliyomfumia kaka yangu kwa majuma mawili ilirudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza ikiwa na ukubwa wa kumtosha mwanasesere. Kaka alikuwa hana kosa. Mimi ndiye niliyempa vazi la kufuliwa kwa mkono mtu ambaye hutumbukiza nguo zake zote kwenye mashine kwa mara moja. Ipo sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili magamba yake yasishikane, na lebo yake huonyesha alama ya mashine ya kufulia. Kwa mtu kama kaka, hiyo ndiyo ya kununua.

Akriliki hufuliwa kwa mashine, haili bajeti, na haiwashi ngozi za watu wengi. Ubaya wake ni kwamba haipitishi jasho vizuri, na ukiipiga pasi ya moto inalegea na kupoteza uhai wake moja kwa moja, kwa sababu ni aina ya plastiki. Pamba hudumu na hunyonya maji, kwa hiyo inafaa vitambaa vya jikoni na mavazi ya watoto wachanga, lakini ni nzito na haina mvuto wa kurudi. Sweta kubwa la pamba hurefuka kadiri linavyovaliwa. Kwa soksi, tafuta uzi wenye sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, au mchanganyiko unaokaribiana na huo, kwa kuwa nailoni ndiyo inayozuia kisigino kutoboka.

Iwapo umepewa uzi usio na lebo, kata kipande cha sentimita tano, ukishike kwa kibano juu ya sinki lenye maji, na ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu, ambayo hupaswi kuigusa kabla haijapoa.

Kuhusu kuwasha: weka donge la uzi shingoni kwa dakika kadhaa, chini ya taya, usilijaribu kwa vidole. Vidole vya mfumaji vimekomaa na havisemi kweli.

Nitahitaji uzi kiasi gani?

Pima kwa mita, usipime kwa gramu peke yake, kwa sababu gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi zina urefu wa mita 400 hivi, ilhali gramu 100 za uzi wa unene wa kati zina mita 200 hivi. Kofia ya mtu mzima kwa uzi wa kati hutoka katika gramu 100 na hubaki kidogo. Skafu niliyoieleza hapo juu huhitaji kama mita 400. Soksi za mtu mzima hutoka katika gramu 100 za uzi wa soksi, isipokuwa kama mwenyewe ana miguu mikubwa sana. Sweta la mtu mzima wa kadiri hula kati ya mita 1,000 na 1,400.

Nunua donge moja zaidi ya unalodhani unalihitaji, na ulinunue siku hiyohiyo. Kwenye lebo kuna namba mbili: moja ni ya rangi, nyingine ni ya kundi lililotiwa rangi kwa pamoja. Madonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini makundi tofauti huonekana sawa chini ya taa ya duka, kisha hutofautiana waziwazi mchana, hasa katikati ya kifua cha sweta. Ukilazimika kuchanganya makundi, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa donge jipya, ukipokezana, kwa urefu wa sentimita kumi hivi, ili tofauti isionekane kama mpaka.

Je, kweli ni lazima nifume kipande cha majaribio?

Kwa kitambaa cha jikoni au skafu, si lazima. Kwa chochote kitakachovaliwa kwenye mwili na kuhitaji kukaa sawasawa, ni lazima, na sababu ni ya hesabu.

Tuseme maelekezo yanasema vitanzi 20 kwa sentimita 10, na kofia inaanza na vitanzi 100. Hiyo ni kofia ya sentimita 50, ambayo hukaa vizuri kwenye kichwa cha sentimita 55 kwa sababu kofia inapaswa kuvutika kidogo. Ikiwa mkono wako unakaza uzi na kutoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, vitanzi hivyohivyo 100 vitatoa kofia ya sentimita 45, ambayo ni ya mtoto. Ikiwa mkono wako umelegea na kutoa 18, utapata sentimita 55 na zaidi, na kofia itashuka hadi kwenye nyusi. Tofauti ya vitanzi viwili tu, ambayo jicho haliioni, imezalisha kofia za watu watatu tofauti.

Anzisha vitanzi 30 au zaidi, fuma hadi upate mraba, uuloweshe kama utakavyolowesha vazi lenyewe, uuache ukauke ukiwa umelazwa, kisha pima sentimita 10 za katikati, mbali na kingo. Vitanzi vikizidi, tumia sindano nene zaidi. Vikipungua, tumia nyembamba zaidi. Usijaribu kubadilisha mkono wako. Utakumbuka kulegeza uzi kwa mistari mitano ya kwanza, kisha utazama katika mazungumzo na mkono utarudi katika tabia yake.

Maelekezo yangu yanataja sindano namba 8. Ni sindano gani hiyo?

Inategemea maelekezo yametoka wapi. Namba 8 ya Marekani ni sindano ya milimita 5. Namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4. Zaidi ya hayo, mifumo hii inakwenda kinyume: ya Marekani, namba inapopanda sindano hunenepa, ya Uingereza, namba inapopanda sindano hukonda. Watu waliorithi sindano kutoka kwa bibi zao wakachukua maelekezo mapya kwenye intaneti hunaswa hapa mara nyingi. Soma milimita, na kama sindano haina maandishi, ipime kwa kibao chenye matundu ya vipimo.

Nitampimaje mtu bila yeye kujua kwamba ninamwandalia zawadi?

Pima nguo yake badala ya mwili wake. Chukua sweta analolipenda, likiwa safi na kavu, lilaze mezani bila kulivuta, kisha pima kwa futikamba upana kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka bega hadi pindo, na mkono kutoka kwapa hadi kifundo. Vipimo hivyo ni bora kuliko vya mwili kwa sababu vinakuonyesha jinsi mwenyewe anavyopenda nguo imkae. Kwa soksi, namba ya kiatu inatosha kukuongoza. Soksi ifumwe fupi kuliko wayo kwa sentimita moja hivi na mzunguko wake upungue kwa karibu asilimia 10, kwani soksi inayolingana kabisa na mguu hukunjamana ndani ya kiatu.

Vichwa havisumbui. Vya watu wazima wengi viko kati ya sentimita 54 na 58, na cha mtoto wa mwaka mmoja ni kama sentimita 46, yaani kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pindo la kuvutika, linalofumwa kwa kupokezanisha vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume, husamehe makosa ya sentimita mbili au tatu.

Ninamfumia mtoto mchanga. Kuna tahadhari gani?

Zipo, na ninaomba zisichukuliwe kama mapambo ya maelezo. Usishone vifungo vidogo, shanga wala macho ya plastiki kwenye kitu ambacho mtoto anaweza kukitia mdomoni. Macho ya mwanasesere yadariziwe kwa uzi. Usiweke kamba ndefu shingoni. Epuka mifumo yenye matundu mapana na epuka nyuzi zinazoning'inia upande wa ndani wa glavu na soksi, kwa sababu vidole vya mtoto hunasa humo na uzi unaweza kukaza. Nyuzi zenye manyoya marefu, kama mohea, huingia puani na mdomoni.

Kuhusu blanketi, wataalamu wa usalama wa watoto wanashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililolegea kitandani mwake, na asilale akiwa amevaa kofia ndani ya nyumba. Hivyo, ukifuma blanketi, mwandikie mama kwamba ni la kumfunika mtoto akiwa amepakatwa au akiwa kwenye kigari huku anaangaliwa. Hutamuudhi, atajua kwamba ulifikiria.

Kitanzi kimedondoka na kuteremka mistari kadhaa. Je, nifumue kazi yote?

Hapana, na tafadhali usivute sindano nje kwa hasira. Weka kazi mezani, chini ya mwanga mzuri. Utaona kitanzi kilichodondoka kikiwa kimesimama peke yake, na juu yake kuna ngazi ya nyuzi zilizolala kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiwa ni mstari mmoja ulioponyoka. Ingiza sindano ya kroshia katika kitanzi hicho kutoka mbele, nasa uzi wa kwanza wa ngazi, ule wa chini kabisa, uvute upite ndani ya kitanzi, na hapo umepata kitanzi kipya kilichopanda mstari mmoja. Nasa uzi unaofuata. Panda hivyo hadi juu, kisha rudisha kitanzi kwenye sindano kikiwa na mguu wake wa kulia mbele. Mwanzoni kitaonekana kimebana kuliko majirani zake; baada ya kuloweshwa hakionekani.

Kwa kazi yenye mapambo magumu, kila baada ya mistari 20 pitisha uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano na uuache humo. Ukikosea baadaye, unafumua hadi kwenye uzi huo na hauvuki. Nimewahi kudharau hatua hii mara moja tu.

Kwa nini kingo za kazi yangu zinajikunja?

Kwa sababu umefuma mstari wa kawaida na mstari wa kinyume kwa kupokezana, na mfumo huo hujikunja kwa asili yake: pembeni huelekea nyuma, juu na chini huelekea mbele. Kulowesha hupunguza tu. Weka ukingo wa vitanzi vya kawaida pande zote, vinne au vitano kila upande, na mistari sita juu na chini.

Je, nimfumie mume wangu, mke wangu au mjomba wangu sweta?

Mfumie mtu ambaye huvaa masweta. Hili linaonekana jambo la wazi, lakini sisi wafumaji hatulioni. Mjomba wangu alikuwa mtu wa shati na koti miaka yote, nami nikaamua kwamba kinachokosekana maishani mwake ni sweta la buluu lenye kamba zilizosokotwa kifuani. Nilianza mwezi wa Agosti. Alilipokea kwa furaha ya kweli, akalivaa mchana wa Krismasi kwa muda wa kupiga picha, akalikunja vizuri, na tangu hapo sijaliona mwilini mwake. Mwaka uliofuata nilimfumia soksi nene za kijivu, kazi ya saa zisizofika nusu ya zile, naye alizivaa hadi zikatoboka visigino akaniletea nizitengeneze.

Kabla hujaanza vazi kubwa, kwa hiyo, angalia mambo matatu: anavaa nguo za namna hiyo, anaishi mahali penye baridi ya kutosha, na rangi unayoitaka wewe inapatikana kabatini mwake. La tatu ndilo linalokosewa zaidi. Mfumaji hununua rangi anayotamani kuishika kwa saa 40, ilhali atakayeivaa ni mwingine. Ukiwa na shaka, muulize tu. Sweta lisilo la kushtukiza lakini linalovaliwa ni zawadi nzuri kuliko lile la kushtukiza lililokunjwa.

Nimemaliza kufuma. Kazi imekwisha?

Bado kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotofautisha kazi ya mikono na kazi ya haraka. Kwanza ficha ncha za nyuzi kwa sindano butu, ukiipitisha kila ncha nyuma ya vitanzi kwa urefu wa sentimita tano hadi saba, halafu ukirudi upande wa pili ili isichomoke. Usifunge mafundo, fundo huonekana, humchoma mvaaji, na siku moja hufunguka. Sufu isiyotiwa dawa ina raha yake hapa: unapounganisha donge jipya, tatua ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine kiganjani, zilowanishe na uzisugue kwa nguvu hadi zishikane, nawe hutakuwa na ncha ya kuficha.

Kisha lowesha vazi katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, ulitoe ukiwa umeliegemeza kwa mikono yote miwili ili lisining'inie, ulikamue kwa kulikunja ndani ya taulo na kulikandamiza, kamwe usilisokote. Lilaze juu ya taulo kavu, lipe umbo kwa vidole ukifuata vipimo ulivyokusudia, na utumie pini zisizoshika kutu pale panapohitajika. Vitanzi vilivyokuwa vikionekana kama meno yasiyopangika hutulia vikalingana. Hesabu siku mbili za kukauka, na kwa sweta nene siku tatu au zaidi, hasa hewa ikiwa na unyevu. Hizo ni siku ambazo watu husahau kuziweka kwenye ratiba, kisha hujikuta wakifunga zawadi mbichi ndani ya karatasi.

Niandike nini kwenye kadi inayoambatana na zawadi?

Andika uzi umetengenezwa na nini, unafuliwaje, na kwamba vazi likaushwe likiwa limelazwa wala lisitundikwe. Kwa sufu, ongeza kwamba lifuliwe kabla ya kuhifadhiwa kwa muda mrefu, kwa kuwa viluwiluwi vya nondo wa nguo hupenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Maneno yaliyo laini yanatosha: «Shangazi, hii ni sufu, tafadhali ifuliwe kwa mkono katika maji ya uvuguvugu.» Usiandike saa ulizotumia. Idadi hiyo humgeuza mpokeaji kuwa mdaiwa.

Mikono na mabega yananiuma. Nifanyeje?

Acha kufuma leo. Maumivu yakipungua, fuma kwa vipindi vya nusu saa, simama kati ya kipindi na kipindi, na jaribu sindano zilizounganishwa kwa waya, ambazo huacha uzito wa kazi ukae mapajani badala ya kubebwa na vifundo vya mikono. Ganzi ya vidole isiyoondoka ni ya kumwonyesha daktari.

Ni mkesha wa Krismasi na kazi haijaisha. Nifanyeje?

Kwanza usikeshe. Mistari inayofumwa saa nane za usiku hufumuliwa asubuhi. Ikiwa ni kofia na imebaki sehemu ya juu tu, unaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kila unapopunguza vitanzi mzunguko unafupika na kasi inaongezeka. Ikiwa ni soksi, na moja imekamilika, mpe hiyo moja pamoja na donge lililobaki na ahadi ya tarehe. Watu hucheka, na kicheko hicho ni sehemu ya zawadi. Ikiwa ni sweta, hamisha vitanzi kwenye uzi imara, kunja kazi kama ilivyo, iweke ndani ya boksi pamoja na kadi, na kabla ya kulichukua tena ili ulimalize, mjaribishe atakayelivaa. Faida yake ni kwamba mikono ya sweta itatoka na urefu sahihi, jambo ambalo hungelipata kwa kukisia.

Mwaka ujao, fuma soksi au glavu zote mbili kwa wakati mmoja, mistari michache ya huku na michache ya huku. Hutabaki na moja.

Uzi uliobaki niufanyie nini?

Kata mita kumi hivi za kila uzi uliotumika, zizungushe kwenye kipande cha kadi, andika juu yake jina la mpokeaji, aina ya sindano na mwaka, kisha uhifadhi pamoja na lebo ya donge. Siku kisigino cha soksi kitakapotoboka au kiwiko kitakapochakaa, utakuwa na uzi wa rangi ileile. Iwapo unaweza, ufue uzi huo wa akiba pamoja na vazi kabla ya kulikabidhi, ili ukija kutumika usinywee peke yake na kuvuta kiraka.